Ruta ya pembe sita haikuiokoa laivu yangu: soma kabla hujanunua antena

Wiki hii inbox yangu imejaa swali moja: "Dada, ninunue ruta yenye antena za nje au hii ya kawaida isiyo na antena?" Nimeamua nijibu hapa mara moja, tena kwa urefu, kwa sababu swali hilohilo mimi lilinigharimu laki moja na elfu themanini na tano, na wateja juu.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa usiku, mwezi wa kumi na mbili, ule msimu ambao kila ukoo una sendofu. Niko laivu kule stoo, viatu nimevipanga ukutani, taa ya duara inawaka, watu 140 na kitu wananiangalia. Dada mmoja akaandika anataka pea sita za rangi ya dhahabu za wasimamizi, saizi anazitaja moja moja. Mimi namjibu kwa mdomo huku nanyanyua kiatu. Kumbe kule kwake nimeganda, mdomo wazi. Zikaanza kuingia komenti: "sauti inakatika", "picha imesimama", "dada rudi". Niliporudi hewani walikuwa wamebaki kama 30. Yule dada nikamfuata inbox, akanijibu kwa upole kabisa: "Nimeshapata kwa mwingine kipenzi, usijali."

Pea sita, bei ya msimu. Sikulala.

Ruta yangu wakati ule ilikuwa kisanduku cheupe nilichopewa siku nafungiwa intaneti ya faiba. Kimekaa kama chombo cha kuwekea sabuni, hakina antena hata moja inayoonekana. Kwa hiyo hukumu niliitoa nikiwa kwenye daladala: tatizo ni kukosa antena. Dukani mjini (jina siliweki, na wala kosa halikuwa lao peke yao) nikaonyeshwa ruta nyeusi ina antena sita zimesimama kama pembe za swala. Muuzaji akasema, "Dada hii inapiga mpaka nyumba ya tatu." Sikumuuliza inapiga kuelekea wapi. Nikatoa hela.

Nikarudi nyumbani, nikachomoa ile nyeupe, nikaweka nyeusi palepale. Jumapili nikaingia laivu nikiwa na matumaini ya mtu aliyetoa hela nyingi. Ikaganda kabla hata sijamaliza viatu vya mstari wa kwanza.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja anayefunga kamera za ulinzi mtaani kwetu. Nilimwita aje aangalie kama nimeuziwa feki. Hakuigusa hata ruta. Alisimama tu sebuleni akaiangalia.

"Dada angu, hii ilikaa hapa tangu siku ya kwanza?"

"Hapohapo fundi, nyuma ya tivii. Ndipo waya wa faiba unapotokea."

"Na ile nyeupe nayo ilikuwa hapohapo?"

"Ndiyo."

Akacheka. "Sasa hapa umebadilisha nini?"

Basi nikuchoree nyumba ilivyo, maana nyumba nyingi za kupanga zimekaa hivihivi. Sebule iko mbele. Ruta ilikuwa chini, nyuma ya tivii, kwenye kona. Ukitoka hapo kwenda stoo ninakofanyia laivu unakata ukuta wa tofali za saruji, unaingia jikoni kwenye friji, unakata ukuta mwingine wa saruji ambao ndani una nguzo ya nondo, ndiyo unafika kwangu. Mawimbi ya waifai yanapungua kila yanapopita kwenye saruji, na bati au chuma kama cha friji ndiyo kabisa, yanagonga na kurudi. Ruta yangu ilikuwa inanitazama kupitia mgongo wa friji.

Fundi akanifungulia kwenye simu programu ya kupima mawimbi. Zipo za bure, na inakupa namba yenye alama ya kutoa mbele. Namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Ukiona kama -50 uko pazuri. Ikifika -70 mambo yanaanza kuwa ya kubahatisha, na -80 hapo laivu usahau. Stoo kwangu, kwa ile ruta ya pembe sita, ilisoma -79.

Tukachukua waya mrefu wa mtandao, ule wa kawaida ambao unaweza kwenda hadi mita 100 bila shida. Mimi nilihitaji mita 12 tu. Tukautoa kwenye kisanduku cha faiba sebuleni, tukaupitisha juu ya milango mpaka katikati ya korido, tukaiweka ruta juu ya kishubaka cha mbao, usawa wa kichwa changu. Kutoka hapo mpaka stoo kuna mlango wa mbao tu. Halafu fundi akafanya kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Akachomeka kwanza ile NYEUPE, ile niliyokuwa nimeshaitukana.

Stoo ikasoma -60.

Kisha akaitoa, akaweka ya pembe sita palepale, masafa yaleyale. Ikasoma -57.

Hebu zikae hizo namba kidogo. Kuhamisha ruta kutoka nyuma ya tivii kulinipa 22. Antena sita za nje dhidi ya zile za ndani zilinipa 3. Kwenye vipimo hivi kila 3 inayoongezeka ni nguvu mara mbili, na kila 10 ni mara kumi. Kwa hiyo 3 sio bure, siwezi kudanganya. Lakini 22 ni zaidi ya mara mia moja. Hiyo mara mia niliipata kwa waya na misumari ya kubania, kama elfu ishirini na tano ukijumlisha na soda ya fundi.

Sasa nirudi kwenye swali lenu: antena za ndani na za nje tofauti yake nini?

Kwanza, hakuna ruta ya waifai isiyo na antena. Ile isiyo na pembe imezificha ndani: vipande vidogo vya bati jembamba, au mistari ya shaba iliyochorwa kwenye bodi yenyewe. Hata kampuni kubwa zimefanya hivyo kwa makusudi. Apple walipotoa ruta yao ya AirPort Extreme mwaka 2013, ile ndefu kama mnara, ilikuwa na antena sita, tatu za masafa ya 2.4 na tatu za masafa ya 5, zote zimefichwa juu ndani ya plastiki. Ukiiangalia ungesema haina kitu.

Inawezekanaje zitoshe? Hapa inabidi nikumbuke fizikia ya sekondari, ambayo kwa kweli nilipata D. Urefu wa wimbi unapatikana kwa kugawa kasi yake kwa masafa. Wimbi la 2.4 gigahezi lina urefu wa kama sentimita 12.5, na antena inafanya kazi vizuri ikiwa nusu au hata robo ya hapo. Robo yake ni sentimita 3 na kidogo. Kwa masafa ya 5 ndiyo inakuwa fupi zaidi, sentimita moja na nusu hivi. Kipande cha kidole. Nilikuwa na ruta mbovu ya zamani yenye antena ndefu nikaamua kuipasua moja. Plastiki ilikuwa ndefu kama peni, ndani nikakuta waya mwembamba na kipande cha chuma kifupi kisichofika hata nusu ya plastiki yenyewe. Kilichobaki ni hewa. Kwa hiyo urefu wa pembe usikutishe.

Faida ya kweli ya antena ya nje ni kwamba unaweza kuigeuza. Na nyingine zinafunguka kwa kuzungusha, hivyo ikivunjika unabadilisha, au unaweka yenye nguvu zaidi. Ya ndani, mhandisi ameshaamua ielekee wapi, na amepima akiwa na kifaa kimesimama au kimelala vile kilivyokusudiwa. Ndiyo maana ruta ya antena za ndani usiilaze kama imetengenezwa isimame, wala usiiegemeze kwa ubavu ili tu itoshe kwenye rafu. Unageuza antena zote bila kujua.

Sasa kwenye kugeuza hapo ndipo wengi tunakosea. Tunafikiri antena inapiga mawimbi kupitia ncha yake, kama tochi au bomba la kumwagilia. Nimeona watu wameielekeza ncha chumbani kwao kama bunduki. Hapana. Unaijua ile kata, kitambaa kinachosokotwa duara cha kuwekea ndoo kichwani? Chukua antena, ichomeke katikati ya kata. Mawimbi yanatoka kwa umbo hilo: yanajaa pembeni kuzunguka pande zote, na kwenye ncha kuna tundu. Ukimwelekezea mtu ncha, umemwelekezea tundu.

Kwa hiyo nyumba ya chini isiyo na ghorofa, antena zisimame wima, kata ilale, mawimbi yaenee vyumbani. Rafiki yangu anayeuza vipodozi Kinondoni yeye anakaa juu na ruta iko chini kwa dada yake. Antena zote nne zilikuwa wima, na chumba chake kipo karibu juu ya ruta kabisa. Alikuwa anakaa kwenye tundu la kata. Nilimwambia alaze mbili ziwe kama mkono ulionyooshwa, mbili aziache. Hakununua kitu. Siku hizi oda zake anazijibu akiwa kitandani, mpaka analalamika hapumziki.

Na hizo namba zinazoandikwa kwenye antena, dBi 5, dBi 7, dBi 9? Usidhani ni nguvu mpya imeongezwa. Antena haitengenezi nguvu. Ni kama kuikandamiza ile kata: inaenda mbali zaidi pembeni lakini inakuwa bapa, juu na chini unapoteza. Kwa fremu ndefu au uwanja mpana ni safi. Kwa ghorofa umejiumiza. Halafu nchi nyingi zina kikomo cha nguvu ambayo ruta inaruhusiwa kurusha. Ulaya kwa mfano, kwenye masafa ya 2.4, kikomo ni miliwati 100, na inahesabiwa pamoja na mchango wa antena. Hivyo ruta ya pembe ndefu haina ruhusa ya kupiga kelele kuliko ya pembe fupi. Namba hizo pia usiziamini kwa kila antena inayouzwa mezani barabarani. Kuchapa namba kwenye plastiki hakuna gharama.

Mbona sasa wanaweka sita, wanaweka nane? Antena nyingi sio kwa ajili ya kufika mbali tu. Zinagawana kazi: nyingine za masafa ya 2.4, nyingine za 5, na zinabeba njia kadhaa za data kwa wakati mmoja. Lakini njia lazima zipokelewe upande wa pili. Simu nyingi za bei ya kati na za bei kubwa zina antena mbili za waifai ndani, na za bei chee nyingi zina moja. (Ndiyo, simu yako nayo ina antena za ndani, na hujawahi kuilalamikia.) Pembe nane upande mmoja, mbili upande wako, mazungumzo yatapita kwa njia mbili. Zilizobaki hazikai bure kabisa, kwenye ruta iliyotengenezwa vizuri zinasaidia kuisikia simu iliyo mbali na kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja. Ila usitegemee spidi mara nne.

Hapo kwenye KUSIKIA naomba tutulie, maana sisi wauzaji ni tofauti na mtu anayeangalia muvi. Anayeangalia muvi anapokea. Sisi tukiwa laivu tunatuma. Simu yako ndiyo inayopiga kelele, na simu ina sauti ndogo kuliko ruta. Ndiyo maana unaweza kuona vile vijiti vya waifai vimejaa, video za wengine zinacheza vizuri, lakini laivu yako inaganda. Ruta unaisikia, yenyewe haikusikii. Antena nzuri inasaidia pande zote mbili, kurusha na kusikia, na hapa ndipo zile 3 zangu za ziada zina thamani yake. Ila hazishindi ukuta na friji.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilia mia, pima. Simama hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta, pima spidi, na usiangalie ile namba kubwa ya kupokea, angalia ya KUTUMA. Iandike. Halafu nenda pale pale unapofanyia laivu, mlango ukiwa umefungwa kama unavyoufunga siku zote, pima tena. (Kama unatumia bando usipime mara kumi, kila kipimo kinakula MB za kutosha.) Kwangu mimi kutuma kukishuka chini ya megabiti 2 laivu inaanza kusuasua, nikipata 4 au 5 natulia. Siku ile nyuma ya tivii nilikuwa napata 18 nikiwa sebuleni na 0.9 nikiwa stoo. Hapo ugonjwa uko ndani ya nyumba, kati ya ruta na simu, na maongezi ya antena na kuhamisha ruta yanahusika.

Lakini kama hata hapo karibu na ruta kutuma ni kubovu, weka hela mfukoni. Ugonjwa uko nje: kwenye mnara, kwenye faiba, kwenye kifurushi chako. Ungeweka ruta yenye pembe ishirini, ungekuwa unasambaza intaneti mbovu kwa ufanisi mkubwa.

Hili linawahusu sana wanaotumia ruta za laini. Binamu yangu yuko Kibaha ndanindani, anauza vyombo vya jikoni. Ruta yake ina antena mbili za kuzungusha nyuma, akazibadilisha akaweka ndefu akitegemea waifai ifike bandani. Haikubadilika kitu. Kumbe kwenye ruta yake zile antena mbili kazi yake ni kuongea na MNARA, na za waifai ziko ndani ya boksi, hazionekani. Kwa hiyo ruta moja inaweza kuwa na za nje na za ndani, kila moja na kazi yake. Angalia kwenye karatasi ya maelekezo au maandishi karibu na tundu. Yeye tatizo lake kweli lilikuwa mnara, uko mbali na nyumba imezungukwa na mikorosho. Fundi akamfungia antena ya nje juu ya bomba, ile inayoelekea upande mmoja, ikatazamishwa mnarani, waya ukashuka mpaka kwenye yale matundu mawili. Hapo antena ya nje ilikuwa dawa yenyewe, hakuna ruta ya antena za ndani ingemfanyia hivyo.

Ukiniuliza leo mimi ningenunua ipi: kwa chumba kimoja au fremu moja, chukua yoyote iliyo imara, ya antena za ndani inatosha na haivunjiki. Nyumba ya vyumba vitatu vinne vya tofali, ningechukua yenye antena za nje mbili hadi nne zinazogeuka, kwa sababu nitataka kuchezea mwelekeo. Ghorofa, au nyumba ndefu sana, hapo sitafuti ruta ya pembe nyingi, natafuta ruta mbili ndogo zilizounganishwa kwa waya, moja kila upande. Na ya antena za ndani ambayo waya wake unafika katikati ya nyumba ningeichukua mbele ya ya pembe nane iliyofungwa kwenye kona, hapo sibishani na mtu.

Vitu vya kuviepuka wakati unatafuta pa kuiweka: sakafuni, nyuma ya tivii, ndani ya kabati la chuma, jirani na friji, nyuma ya kioo kikubwa (kile tunachojipigia picha za nguo, nyuma yake kuna rangi ya chuma), jirani na ndoo au simtanki la maji. Maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye masafa ya 2.4, ikiwaka karibu inasumbua. Kama mtaa wako umebanana na kila jirani ana waifai, jaribu kuunganisha simu kwenye ile ya 5 ukiwa karibu na ruta. Haipiti ukuta vizuri kama 2.4 lakini haina msongamano.

Yule dada wa sendofu hakurudi. Nilimtumia picha mara mbili, akaweka kidole gumba, basi.

Ruta ya pembe sita bado iko koridoni na ile nyeupe nimeihifadhi kwenye boksi kama akiba. Mwezi uliopita mtoto wa mama mwenye nyumba aliivuta antena moja, shingo ikalegea, sasa haisimami yenyewe. Nikapima stoo: -57, vilevile. Nimeifunga na solotepu.